Vazi Lililojua Kuogelea

Vazi lilimvaa Sechelela badala ya yeye kulivaa. Aliingiza miguu, akabonyeza kitufe kiunoni, na kitambaa cheusi kikapanda chenyewe hadi mabegani, kikimbana mapaja na kumnyanyua nyonga. Zamani, walisema wazee wa bwawani, nguo ya mbio ilitaka nusu saa na mtu wa pili wa kukuvutia. Hii ilitaka sekunde tisa.

Liliitwa ngozi-maji. Ndani yake zilifumwa nyuzi-misuli, nyembamba kuliko unywele, zilizojikunja na kujinyoosha kwa umeme uliotokana na joto la mwili. Aliyevaa akichelewa kupiga mguu, nyuzi zilimpigia. Kichwa kikiinuka mno, zilimrudisha. Akili unde iliyoshonwa mgongoni ilijifunza udhaifu wake siku hadi siku, ikauziba.

Sechelela alikuwa na miaka hamsini na minne, fundi mkuu wa minara ya kukamua hewa, ile iliyovuta unyevu wa angani na kujaza mabomba ya Dodoma. Miaka thelathini aliwapa watu maji, na yeye mwenyewe maji yakimpita kiuno alishika ukingo. Wengi walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu miaka kumi na mmoja iliyopita mashua ilipinduka bwawani Mtera, mita mia kutoka nchi kavu, na mumewe Ndahani aliita mpaka sauti ikakatika. Sechelela alisimama mchangani akimtazama, binti yao kando yake.

Ndiyo maana alijifunza kuogelea uzeeni, na ndiyo maana alijiandikisha mashindano ya watu wazima wanaoanza, mita mia. Medali hakuwa na haja nayo. Alitaka kujua kama zile mita mia angeziweza.

Vazi hilo aliletewa na binti yake, Yunis, aliyekuwa miongoni mwa waliolibuni.

"Mama, hili halizami. Hata ukizimia linakuleta juu."

Kocha Majula, Mkerewe wa visiwani aliyejua kuogelea kabla hajajua kusoma, aliligusa kwa vidole viwili. "Zuri. Lakini Mama Yunis, vazi la mbio ni la siku ya mbio. Mwogeleaji aliyekomaa linampunguzia sekunde moja, na hiyo moja ndiyo pekee aliyobakiza kuipunguza. Wewe sekunde zako zinapotelea kwenye pumzi na kichwa. Vazi halitakufundisha kupumua."

"Kocha, pampu nzuri haiwekwi stoo. Inawashwa."

Akalivaa kila siku. Kufikia mwezi wa tano, muda wake wa mita mia ndani ya vazi ulikuwa umeshuka kutoka dakika tatu na nusu hadi mbili, na alitembea kando ya bwawa kwa maringo kidogo, tusifiche.

Wiki tatu kabla ya mashindano, akiwa kazini, aliliunganisha vazi na kipimo chake cha pampu. Sechelela hakuwa mtu wa kupita kando ya mashine bila kuifungua. Alitaka tu kuona mzigo umegawanywaje. Mwezi wa kwanza: mwili asilimia themanini na nane, vazi kumi na mbili. Mwezi wa tano: mwili thelathini na moja, vazi sitini na tisa.

Alisoma mara mbili. "Kumbe mimi ni abiria," akasema, na aibu ikamshika akiwa peke yake.

Jioni hiyo aliingia majini na nguo yake ya zamani ya nailoni, iliyopauka matakoni. Kabla ya ngozi-maji alikuwa akifika mita arobaini bila kusimama. Sasa, kwenye mita ya kumi na nane, miguu ilishuka kama ndoo kisimani.

Juu ya bwawa ulining'inia mkono-mwokozi, roboti iliyofuata kila anayeanza. Sheria yake ilikuwa fupi: mwogeleaji akilegea, humuuliza kwanza mdhamini wake aliye ukingoni. Mdhamini wa Sechelela alikuwa Yunis.

"Mdhamini, nimwokoe?"

"Ndiyo!" alisema Yunis kabla swali halijaisha, na mkono ukamtoa mama yake kama nguo ya kufuliwa.

Majula hakumkumbusha onyo lake. "Pumua kwanza," alisema.

Yunis alimshika mabega. "Vaa vazi, Mama. Unataka na wewe nikuzike? Nimelitengeneza ili nisisimame tena ukingoni namwangalia mtu."

"Najua, mwanangu. Na umelitengeneza vizuri mno, mpaka limeninyang'anya miguu." Sechelela alijifuta uso. "Siku ile Mtera nilikuwa na gauni na kitenge. Vazi lako lingekuwa wapi? Kabatini."



"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema Majula. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Zikafuata wiki tatu za kunywa maji ya klorini. Mita ishirini na tano. Thelathini. Siku mbili za kurudi nyuma. Arobaini na tano, sitini. Mabega yalimuuma hata akishika kijiko, naye alirudi bwawani. Mita mia bila vazi hakuwahi kuzimaliza.

Siku ya mashindano, njia nane, ngozi-maji saba na nailoni moja. Baada ya dakika mbili na nusu wenzake wote walikuwa wamejifunga taulo. Sechelela alikuwa mita ya sabini.

Kwenye themanini pumzi ilimwishia. Mikono ilikuwa ya mtu mwingine. Kivuli cha mkono-mwokozi kikaja juu ya maji, kikatulia sawasawa na mgongo wake, naye akajua kitakachofuata, kwa kuwa alimjua mwanawe. Alingoja kushikwa. Hakushikwa. Akapiga mkono mmoja zaidi. Kivuli bado. Mwingine. Aligeuza kichwa pembeni, akavuta hewa kama alivyofundishwa, akapiga tena, mpaka vidole vikagonga ukuta.

Dakika nne na sekunde sita. Wa mwisho.

Yunis alikuwa amepiga magoti kwenye vigae vilivyolowa, uso umemvimba kwa machozi.

"Mkono uliniuliza mara tatu," alisema.

"Ukasemaje?"

"Nikasema subiri."

Sechelela aliushika mkono wake. Alijua subiri ile ilimgharimu binti yake kuliko mita mia zilivyomgharimu yeye.

"Zinafikika, Yunis," alisema, na hapo ndipo kilio kilipomjia. Miaka kumi na mmoja alikuwa amejiambia kwamba hazifikiki.

Walikaa hivyo, mmoja majini, mmoja ukingoni, hadi Majula alipokuja na taulo. Sechelela alilipokea, akajifuta macho, kisha akamtazama binti yake aliyebuni vazi la kuogelea na hajawahi kulowa zaidi ya magoti.

"Kesho saa kumi na mbili utaingia wewe," alisema. "Mdhamini nitakuwa mimi."