Mwulizeni Rogasian Mwenyewe

Kila alasiri alipotoka shule, Anneth hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata kushoto baada ya gulio la Nyakahura, akapita katikati ya mashamba ya mihogo hadi kwa bibi yake, Petronila. Huko alimkuta mjomba wake, Rogasian, amekaa kwenye gogo karibu na jiko, akichambua maharage. Mekundu huku, ya njano kule, yaliyotobolewa na wadudu ndani ya kopo. Rogasian alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini hakuwa na mke wala rafiki, na ukimsalimia alitazama pembeni. Kelele zilimwumiza. Siku za mnada, ng'ombe wakilia na vipaza sauti vikivuma, aliziba masikio akajifungia chumbani.

Anneth ndiye aliyekuwa mdomo wake. Mzee akipita, Anneth alisema, "Shikamoo babu, na mjomba anakusalimia." Mtu akimwuliza Rogasian kama ameshiba, Anneth alijibu kwamba ameshiba. Alimpenda mno, na aliamini hakuna amjuaye mjomba kama yeye. Bibi Petronila hakuhitaji mkalimani. Alikaa kando ya mwanawe, akanyamaza naye, na hatimaye Rogasian aliongea.

Kisha Bibi Petronila akafariki. Kifua kilimbana akiwa shambani, na kabla pikipiki ya kumpeleka kituo cha afya haijapatikana, alikuwa ameshakata roho.

Siku ya mazishi watu walijaa uwanja mzima. Ni desturi yao kwamba kabla majembe hayajaanza kufukia, watoto wa marehemu hutupia udongo kwa mkono, kila mmoja kwa zamu. Ildefonce, mtoto wa kwanza, alitupia. Deodata, mama yake Anneth, alitupia huku akilia. Ilipofika zamu ya Rogasian, akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Chukua udongo, watu wanatazama," Ildefonce alimnong'oneza kwa ukali.

Rogasian akatikisa kichwa. Ildefonce alimkamata mkono, akamjaza udongo kiganjani na kumsukuma mbele. Rogasian alipiga ukelele uliomfanya katekista anyamaze katikati ya sala, akaukung'uta ule udongo, akakimbilia migombani.

Loo, midomo ya watu! Hata kaburi halijajaa, maneno yalikuwa yameshafika barabarani. Asiyemtupia mama yake udongo ana mkono katika kifo chake, walisema. Hata chozi hakutoa, walisema. Hakuna aliyekumbuka kwamba aliyekuwa amejificha migombani ndiye aliyefiwa kuliko wote.

Ildefonce hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na hofu, na mwenye hofu akipewa madaraka ni hatari. Yeye ndiye sasa alikuwa kichwa cha ukoo, na aibu ile ilimkaa usoni. Akatangaza kwamba matanga yakishaanuliwa atampeleka Rogasian kwa mganga mmoja wa mbali, anayewafunga watu wa namna hiyo kwenye magogo mpaka waseme kilichomo ndani yao. Kila mtu alijua habari za mganga huyo. Wengine waliopelekwa kwake hawakurudi.

"Na mambo ya ukoo hayatoki nje," alisema, akiwatazama mmoja mmoja. "Atakayefungua mdomo, asijiite ndugu yetu."

Ili asitoroke, Rogasian alifungwa kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo ya jikoni. Anneth alipompelekea uji alikuta vifundo vya mikono vimechubuka hadi nyama inaonekana, na nzi wametua. Mjomba hakuugusa uji. Alikuwa anayumba mbele na nyuma, akivuma kwa sauti ndogo isiyokoma.

"Mama, mfungue!" Anneth alilia.

Deodata alifunika uso kwa kanga. "Nimemsihi kaka yangu hadi sauti imeisha, mwanangu. Nifanye nini mimi?"

Kesho yake, badala ya kwenda shule, Anneth alishika njia ya kituo cha afya. Alijua kwamba huenda asiitwe ndugu tena. Pale kituoni kulikuwa na mshauri nasaha aitwaye Consolatha, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na watu wenye mizigo moyoni na kuwasikiliza. Aliwahi kufika shuleni kwao kuzungumza na wanafunzi.

"Shikamoo dada," Anneth alisema, kisha akashindwa kujizuia, akalia. "Watamwua mjomba wangu."

Alieleza yote. Consolatha hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, alichukua dawa ya vidonda na bendeji, wakaondoka pamoja.

Ildefonce aliwapokea akiwa amesimama. Alimtazama Anneth kwa jicho ambalo mtoto yule hatalisahau.

"Rogasian hana la kuzungumza na wewe," alimwambia Consolatha. "Ni kichaa, au ni mchawi. Moja kati ya hayo."

"Kumfunga mtu kamba ni kosa, mzee wangu," Consolatha alijibu kwa upole. "Mfungue sasa hivi, au nirudi na mtendaji wa kijiji. Uamuzi ni wako."

Kamba ikafunguliwa. Consolatha alimwonyesha Rogasian dawa na bendeji, akaviweka karibu naye bila kumgusa. Kisha akaketi chini kando yake, si mbele yake, akavuta ungo wa maharage na kuanza kuchambua. Mekundu huku, ya njano kule. Muda ulikwenda. Waombolezaji waliobaki walichungulia wakitegemea kuona miujiza, wakachoka, wakaondoka. Rogasian aliacha kuvuma. Alinyoosha mkono, akaondoa harage moja la njano ambalo Consolatha alikuwa ameliweka mahali pasipo pake.

"Asante," alisema Consolatha. "Rogasian, ungependa nirudi?"

"Ndiyo, angependa!" Anneth alidakia. "Mjomba anapenda watu wapole, na anapenda..."

"Mwanangu," Consolatha alimwambia, "swali lilikuwa lake."

Anneth aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Yeye ndiye aliyemwokoa mjomba, halafu anaambiwa anyamaze! Akanyamaza, huku amenuna. Rogasian alichambua konzi nzima ya maharage kwanza.

"Rudi," alisema Rogasian.

Ildefonce aligeuka kama aliyeitwa na mzimu.

Consolatha alirudi, akarudi tena. Aliifahamisha familia kwamba huenda Rogasian ana hali iitwayo usonji, ambayo mtu huzaliwa nayo. Haitokani na uchawi, na daktari wa mkoa ndiye atakayeithibitisha. "Lakini jina la hali si jina la mtu," aliwaambia. "Mimi nimekuja kwa Rogasian." Hakumlazimisha amtazame machoni. Akitaka kuchambua maharage walichambua, akitaka kunyamaza walinyamaza. Ildefonce aliahirisha safari ya kwa mganga, lakini hakuifuta. Alikuwa anasubiri aone.

Siku moja, wote wakiwa uwanjani, Rogasian alisema bila kuulizwa na mtu:

"Mama hapendi vumbi."

Mikono ya Deodata ilisimama juu ya mihogo aliyokuwa akimenya.

"Vumbi linamkohoza," Rogasian aliendelea, neno moja moja. "Nafagia kila siku. Namwaga maji, ndipo nafagia. Ildefonce akasema nimtupie udongo. Usoni."

Deodata aliangua kilio kikubwa kuliko cha siku ya mazishi. Ni kweli. Uwanja ule ulikuwa unang'aa miaka yote, na hakuna aliyewahi kuuliza anayeufagia ni nani, wala kwa nini. Usilolijua ni kama usiku wa giza, nao walikuwa wameishi gizani na ndugu yao wa tumbo moja. Ildefonce alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akashika kichwa. Safari ya kwa mganga haikutajwa tena.

Likabaki swali la mahali Rogasian atakapoishi. Deodata alikuwa ameshajibu. Alikuwa amesafisha chumba nyumbani kwake, ametandika shuka jipya, na Anneth amepaka kuta chokaa kwa mikono yake mwenyewe. Familia ilipokutana, Deodata alimweleza mdogo wake habari za chumba hicho kwa furaha. Consolatha akasema, "Sasa tumwulize."

Walisubiri. Anneth aliuma midomo ili isiseme.

"Hapana," alisema Rogasian. "Kwa Deodata kuna redio. Watoto wanapiga kelele. Nakaa hapa."

"Utakula nini?" Deodata aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Sijui kusonga ugali. Leteni ugali. Maharage napika." Akafikiri. "Anneth apige hodi. Asinisemee."

Maneno yale yalimchoma Anneth moyoni. Ildefonce naye alisogea. "Mdogo wangu, nimekukosea sana. Unisamehe."

Rogasian alitazama makovu ya mikononi mwake, kisha akatazama pembeni. Jogoo aliwika nyuma ya nyumba.

"Bado," alisema.

Ildefonce alitaka kuongeza neno, akamtazama Consolatha kama anayeomba msaada. Consolatha hakumpa. Mzee yule alichukua kofia yake, akaondoka taratibu kuelekea barabarani. Hata mwaka huu tunaozungumza, bado anasubiri. Na wako majirani ambao mpaka leo huvuka njia wakimwona Rogasian.

Anneth na mama yake walirudi nyumbani bila kusemezana. Walipofika kwenye mihogo, Anneth alishindwa kuvumilia.

"Mama, nilivunja amri ya ukoo kwa ajili yake. Nilimpakia kuta chokaa. Mbona hatutaki?"

Deodata alisimama, akamfuta mtoto wake machozi kwa ncha ya kanga. Yeye mwenyewe alikuwa analia.

"Kwenda kituoni ulifanya jambo jema, na usilijutie hata siku moja," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Ildefonce alimfunga mdomo Rogasian kwa chuki na hofu. Mimi na wewe tulimfunga mdomo kwa mapenzi. Ukimwuliza mtu kwa moyo, uwe tayari kupokea jibu lake, hata likikuuma. Leo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mjomba wako amesema 'hapana' na watu wazima wakamtii. Hiyo ndiyo zawadi tuliyompa. Si chumba."

Anneth alilia kidogo tena, kisha akauliza kama unga uliobaki unatosha kusongea ugali wa watu wote pamoja na wa mjomba.