Mwendwa wa Meza ya Watu Wawili

"Mwanasha, njoo upesi. Mtu wako amefika, amevaa lile shati jeupe, na meza ni ya watu wawili."

Alikuwa Husna, shoga yangu, akinipigia kutoka baa ya Mjerumani mmoja pale Diani alikokuwa mhudumu. Mimi nilikuwa Ukunda, nimeshika simu ya duka la jirani, futi ya ushonaji ingali shingoni.

"Yuko peke yake?"

"Kwa sasa. Lakini anautazama mlango hata chai hanywi."

Nilijua! Alhamisi, Musyoki mchumba wangu aliniletea suruali niipunguze kiuno. Mfukoni nikakuta karatasi, mwandiko wake mwenyewe: "Jumapili saa tano. Meza ya watu wawili. Mwendwa na mimi." Naye alikuwa ameniambia Jumapili ana zamu katika jiko la hoteli anakopika.

Nikamwendea Kathini, Mkamba anayeuza mboga mkabala na cherehani yangu.

"Dada Kathini, mwendwa kwenu ni nini?"

"Ni mtu anayependwa. Ukiitwa hivyo, umebahatika."

Bahati gani hiyo! Siku tatu nikawa nashona na kufumua. Siri hiyo nilimwambia Husna peke yake; yeye alimjua Musyoki kwa sura, ila Musyoki hakumjua yeye. Wiki iliyofuata Musyoki alitarajiwa kuleta posa kwa mjomba wangu, Mzee Boga, kisha asilimu. Nilikwisha kuwakataa wachumba wawili wa kwetu kwa ajili yake, na mji mzima ulijua. Akiniacha, ningechekwa hadi kisimani.

Nikavaa buibui, nikafunika uso yakabaki macho tu, nikakodi teksi.

Jumapili pale wazungu hula kile wanachokiita branchi. Wamechelewa kuamka, basi chai ya asubuhi na chakula cha mchana hufungishwa ndoa kwenye sahani moja. Nikaketi nyuma ya Musyoki. Watu walinikodolea macho, mwanamke wa buibui katikati ya chupa za bia. Nikawakodolea mimi pia.

"Niletee mayai, viazi na kamba wa kuchoma," Musyoki alimwambia Husna. "Sahani mbili."

"Loo, Mkamba anakula kamba!" Husna alimtania. "Na mgeni wako anawapenda?"

"Hajawahi kuwaonja. Lakini nataka afurahi. Leo nikimkosa huyu, nimekosa kila kitu."

Nilisikia moyo ukinikatika. Nikainuka, nikasimama mbele yake.

"Mwendwa ni nani?"

Alinijua kwa sauti. "Mwanasha? Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekuuliza swali."

"Umemjulia wapi?"

"Kwa hiyo yupo!"

"Yupo. Lakini nilitaka tuongee naye kwanza, kabla hamjaonana."

"Mmejuana tangu lini?"

"Tangu utotoni. Tumelala kitanda kimoja miaka mingi, sasa—"

"Astaghfirullah! Unaniambia hivyo bila haya?"

Nikafunua uso nimtazame vizuri huyo mwongo. Mzungu wa meza ya pili akaacha kutafuna.

"Musyoki!" sauti nzito ikaita mlangoni. Mwanamume mrefu, amevaa koti la suti katika joto lile, akaja akijifuta jasho. "Nimepotea mara mbili, bwana."

Musyoki akashusha pumzi. "Mwanasha, huyu ndiye Mwendwa. Kaka yangu mkubwa."

"Kaka yako?"

"Ni jina lake."

Jina! Kathini alinipa maana, nami sikuuliza kama kuna mtu anayeitwa hivyo. Husna alikimbilia jikoni kucheka. Nilitamani niufunike uso tena.

Lakini shaka yangu ilikuwa bado haijaisha.

"Shikamoo, shemeji," nikamwamkia. Kisha nikamgeukia Musyoki. "Sasa shemeji yangu ulinificha kwa nini?"

Mwendwa ndiye aliyejibu.

"Kwa sababu ya neno nililotumwa, dada. Baba amesema, Musyoki akibadili dini asirudi Makueni. Na hakuna mzee wetu atakayeleta posa."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Ulijua?" nikamwuliza Musyoki.

"Nilijua haji na habari njema. Nilitaka nimbembeleze kwanza. Niliogopa ukisikia utaniacha kabla sijajitetea."

"Na baba yako asipobadilika?"

Machozi yalimlengalenga. "Ijumaa nitaenda msikitini. Nitalia, Mwanasha, lakini nitaenda."

Nililia mimi kabla yake, mbele ya wazungu na mayai yao.

Husna akaleta sahani, Mwendwa akavuta yake. Alikula kamba mmoja, akala na wa pili, akamaliza sahani yote. Kisha akapangusa mikono.

"Nilitumwa nilete neno, nimelifikisha. Kazi ya baba imekwisha," akasema. "Dada, huyo mjomba wako anakaa wapi?"

"Bongwe."

"Leo yuko nyumbani?"

Alasiri hiyo tulikuwa barazani kwa Mzee Boga. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Alimtazama Musyoki, akamtazama na kaka yake.

"Posa huletwa na wakubwa," akasema. "Baba wa huyu kijana yuko wapi?"

Mwendwa akavua lile koti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Leo baba yake ni mimi."

Mjomba akavua kofia, akaivaa tena. Nami sikuweza kumtazama Musyoki.

"Marahaba," hatimaye mjomba akajibu. Kisha akaniita. "Mwanasha, mbona umesimama? Mletee baba mkwe wako maji."