Bati Alizoziegesha Juu ya Kuta Zangu

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, naishi peke yangu Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora. Sina mtoto. Mawingu yakianza kujikusanya, majirani huwaita watoto wao waingie ndani. Mimi nimwite nani?

Niliolewa na Masanja, fundi wa kuezeka. Nyumba nyingi za mtaani kwetu aliezeka yeye, na hakuna hata moja iliyowahi kuezuliwa na upepo. Nilijivuna jamani! Nikajua yangu itakuwa imara kuliko zote.

Tofali nilifyatua mwenyewe, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba. Nilichota maji mpaka mgongo ukagoma. Bati alileta yeye. Siku anapandisha kenchi, zile mbao za kubeba paa, jirani yangu Mama Rehema aliniuliza mbona haoni waya wa kuzifunga kwenye kuta, maana kwake Masanja huyohuyo alizifunga zote. Nikamuuliza mume wangu. Akacheka kule juu.

"Kabula, fundi hapa ni nani? Nitakuja kumalizia."

Nikarudi jikoni kupika chai. Ningebishana vipi na fundi?

Hakumalizia... Kila nikimkumbusha, ana kazi Igalula. Akirudi hana maneno, anakula na kulala. Nikajipa moyo kwamba mume wangu anatafuta riziki.

Ndipo zikaja mvua za kwanza. Ilikuwa alasiri. Upepo ulitangulia na vumbi, ikafuata mvua ya mawe. Nilisikia mbao zinalia, nikajibanza chini ya meza. Mara paa lote likanyanyuka, nikaiona mbingu! Ukuta wa chumbani ukaangukia kitanda chetu. Nilimwita Masanja kwa sauti yangu yote, huku nikijua yuko Igalula.

Kwa Mama Rehema haikung'oka hata bati moja.

Kesho yake Masanja alifika na mkokoteni. Nilimkimbilia nikilia, bega limevimba. Alinipita! Akaenda moja kwa moja shambani, upepo ulikozitupa, akawa anaokota bati, anazikagua, zile nzima anazipanga mkokotenini. Hapo ndipo nilipoiona misumari. Ilikuwa imegongwa nusu tu, ing'oke kwa urahisi. Nikamuuliza anazipeleka wapi.

"Hizi si za hapa," alisema bila kuniangalia. "Nilikuwa nimeziegesha tu, nyumba ya Igalula ifike kwenye linta."

Igalula kulikuwa na mwanamke wake mwingine, tena na watoto aliomzalia... Kumbe mimi na kuta zangu tulikuwa stoo ya bati za mwenzangu! Nililia mpaka sauti ikakauka.

Mama Rehema alinihifadhi sebuleni kwake mpaka nilipojenga tena. Ni vyumba viwili tu. Kila kenchi imefungwa kwa waya uliopita chini ya linta, ule mkanda wa zege juu ya milango, na kabla fundi hajashuka nilipanda ngazi nikavuta kila waya kwa mkono wangu. Upepo umeshakuja mara nyingi, paa halitikisiki. Asubuhi natoka nje kuliangalia, natamani kumwonyesha mtu. Hakuna mtu.

Dada zangu, nyumba yako ikiezekwa, usiishie kupika chai ya mafundi. Panda ukaangalie! Na akikwambia atakuja kumalizia, hata kama ni mumeo, muulize siku ya upepo yeye atakuwa amelala wapi.

Mimi sikuuliza.