Tiki Themanini na Nne

Ndugu zangu, majirani, na wewe unayesoma huku umesimama: ninayotaka kusema si ya mbwa tu, kwa hiyo usianze kucheka ukishasikia mbwa.

Palikuwa na fundi cherehani aliyeshonea barazani kwake, utepe wa kupimia shingoni toka asubuhi mpaka jioni. Aliishi na mkewe, mwalimu wa chekechea, na binti yao aliyekuwa sekondari. Tena alikuwemo mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yameishiwa nuru kabisa. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kujihurumia, maana alikuwa na Soksi.

Soksi alikuwa mbwa mweusi mwenye nyayo nyeupe. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kutembea taratibu, Bibi ameshika ukanda wa mgongoni mwake, mpaka kwa shoga yake, nyumba ya nne, na kurudi. Asubuhi moja cherehani ilikuwa inanguruma na jua ndiyo kwanza linapanda, wakarudi wote wawili, Bibi akicheka peke yake.

"Mwanangu, leo nina habari za kukukalisha chini!"

"Kunywa chai kwanza, mama," Fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Usije ukanimalizia habari za majirani wote kabla ya saa nne."

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Bibi kurudi na habari. Mchana ule pikipiki ilipanda ukingo wa barabara ikamgonga Soksi mlangoni pa nyumba, na mfupa wa paja ukavunjika.

Daktari wa mifugo aliuunga kwa chuma. Kisha Soksi akakabidhiwa kwa mama mmoja wa kliniki ya daktari huyo, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa wanyama, ambaye kila mtu alimwita Mama Viungo. Alimlaza Soksi ubavu, akashika paja kwa mkono mmoja na kukunja goti polepole kwa mkono wa pili, akalinyoosha, akalikunja tena.

"Mara kumi na tano, halafu mnamsimamisha kidogo juu ya taulo. Dakika kumi tu, mara tatu kwa siku," akasema. "Mfupa utajiunga wenyewe. Lakini nyama za paja zikiachwa zilale zitaganda, na goti likishakuwa gumu kama mpini, hata mimi sina dawa. Wiki nne hizi ndizo mguu wenyewe."

Akawapa karatasi yenye visanduku themanini na vinne. Zoezi likifanyika, tiki moja.

Wakagawana zamu: Fundi asubuhi, mkewe mchana akitoka kazini, binti jioni. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa jokofu. Siku tano mambo yalikwenda sawasawa. Soksi aliguna, akawalamba mikono, akavumilia.

Siku ya sita Fundi aliletewa kazi ya sare za kwaya, jozi arobaini. Akapita jikoni mbio mbio, akachukua kalamu, akatia tiki. Si kwamba alikusudia kudanganya, la hasha! Alijiambia, "Nitamfanyisha nikipata nafasi." Tiki ilitangulia, zoezi lingefuata. Halikufuata. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Moyo ulipomsuta alitazama zamu za mkewe na bintiye, akaona zimejaa tiki, akapumua. Mara mbili kwa siku si haba, akajisemea. Mimi mmoja sitamwangusha. Hebu ishike kauli hiyo, msomaji, maana ndiyo iliyoitafuna nyumba hii.

Aliyekataa kudanganywa na karatasi ni mmoja tu, naye ni yule asiyeweza kuiona.

"Mwanangu, mimi nashinda humu ndani kutwa," Bibi akasema. "Mbona simsikii Soksi akiguna siku hizi?"

"Kashazoea, mama. Haumii tena."

Siku nyingine akamuuliza mke wa Fundi, "Mkwe wangu, leo amechezeshwa mguu?"

"Ameshafanyishwa, mama. Si karatasi hiyo hapo, imejaa!"

Bibi akageuza uso kuelekea jokofu.

Alichosikia Bibi ni kitu kingine. Ilikuwa sauti ya kucha za mguu mmoja zikiburuzwa sakafuni, kru, kru, kila Soksi alipokwenda kunywa maji. Fundi naye aliisikia, akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Utepe ulikuwa shingoni mwake. Kuuzungusha kwenye lile paja na kuona kama linapungua ni kazi ya nusu dakika, tena kazi anayoifanya kutwa kwa viuno vya watu. Hakupima, kwa sababu alijua.

Wiki nne zilipotimia, Fundi alimpeleka Soksi kliniki peke yake. Mama Viungo akapima paja, akaandika, akapima tena. Akajaribu kukunja goti. Likagoma. Kwenye vidole palikuwa na kidonda kibichi cha kuburuzwa. Akaichukua ile karatasi ambayo Fundi alikuja nayo, akaipitia tiki kwa tiki.

"Fundi, sikuulizi ili nikugombeze. Mazoezi haya yamefanyika?"

"Karatasi si hiyo, mama?"

"Karatasi naiona. Nakuuliza wewe. Kama hamkufanya, niambie, bado nina wiki mbili za kupigana: maji ya vuguvugu na mikono yangu kila siku, huenda goti likalegea. Lakini kama mmefanya yote na bado limeganda hivi, basi mwili wenyewe umekataa, na kuendelea ni kumtesa bure. Kidonda hiki kitafika mfupani. Itabidi daktari aukate mguu."

Fundi akaitazama karatasi. Akawaza: zamu zangu ndizo pungufu, lakini zile mbili zimefanyika. Kwa hiyo mama huyu yuko sahihi, mwili umekataa tu. Na aibu iliyoje, mtu mzima kukiri kwamba alikuwa anachora tiki! Soksi alimtazama, mkia ukipiga meza.

"Yamefanyika," akasema.

Mama Viungo akashusha pumzi. "Basi hamna lawama. Mmejitahidi kuliko wengi."

Mguu ulikatwa wiki ile ile.

Fundi alipomrudisha Soksi nyumbani, mkewe aliona mshono akaangua kilio. "Ni mimi, baba! Tangu wiki ya pili sikumgusa. Narudi nimechoka, natia tiki. Nilidhani wewe na mtoto mnatosha."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka. "Na mimi pia. Nilikuwa na mitihani. Nilijua baba asubuhi hakosi."

Fundi akakaa chini. Bibi akauliza polepole, "Na wewe, mwanangu?"

Akasema yote, mpaka la kliniki. Bibi hakupaza sauti.

"Niliwaambia simsikii," akasema. Basi.

Soksi yu hai. Lakini miguu mitatu haimudu uzito wa mkono wa mtu. Bibi akishika ukanda, wanayumba wote wawili. Shoga yake alikuja mara mbili tatu, kisha magoti yakamzuia. Siku hizi Bibi hukaa barazani kando ya cherehani, mbwa chini ya kiti chake, na hana habari ya kumpa mtu.

"Nikupeleke kwa shoga yako, mama?" Fundi humuuliza kila asubuhi.

"Maliza kazi yako kwanza, mwanangu," Bibi humjibu.

FUNZO

Wapendwa, mgonjwa wa nyumbani, awe mnyama au mtu, haponi kwa karatasi. Anapona kwa mikono iliyomgusa. Ukiegemea zamu ya mwenzio, jua na yeye ameegemea yako, na katikati yenu yuko asiye na mdomo wa kujisemea. Mganga akikuuliza, mwambie kweli hata kama uso unawaka, maana aibu ya Fundi ingekwisha palepale kliniki. Na akiwepo nyumbani mtu anayeuliza swali lile lile kila siku, msimwonyeshe karatasi. Nendeni mkamwangalie mgonjwa.