Dereva wa Jipu la Tenaru

Jua lilikuwa linazama Maelasi alipochukua rula na tochi akavuka mto Tenaru kwenda kupima pedali. Pedali tu. Msituni kule lilioza jipu, gari la Wamarekani la wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, naye alitaka kijigari cha mfano anachokiunda kisipishane nalo hata kwa unywele.

Kisiwa kizima cha Guadalkanali hakuna aliyemfikia Maelasi kwa kuunda magari madogo ya vita. Wala kwa dharau hakuna aliyemfikia. Shemeji yake, Patteson, naye aliunda vyake, kwa makopo ya samaki. Maelasi aliviita vikaango.

"Shemeji, kule hakuendwi jioni," Patteson alikuwa amemwonya, mdomo mwekundu kwa kutafuna popoo. "Kuna mtu."

"Nyie watu wa makopo mnaogopa hata kutu."

"Haya. Jipu hilo likikutumbukia usoni usiniite."

Maelasi akapiga magoti kando ya gari. Akapima klachi. Akapima breki. Kisha akasikia harufu...

Petroli.

Tanki lilikuwa na matundu kama chujio. Na bado, petroli. Halafu mlio... tik... tik... tik... kama injini inayopoa baada ya safari. Akaweka kiganja kwenye boneti.

Ilikuwa ya moto.

"Unapima vizuri," sauti ikanong'ona. "Kila kitu umekiweka. Mimi je? Umeniweka wapi?"

Hakujiuliza imesema kwa lugha gani. Alijikaza, akajibu kwa kiburi chake kilekile: "Mimi naunda magari. Sichongi wanasesere."

Kikaja kicheko. Kifupi, cha dharau. "Hata wewe hunioni..."

Maelasi alikimbia, rula akaiacha palepale.

Tangu siku hiyo, kila jioni kifua chake kilibanwa kama kimewekewa mzigo. Zahanati hawakuona ugonjwa. Kijigari nacho kikakataa kusimama sawa mezani. Tairi moja ya nyuma ilikuwa juu daima, kama imepanda juu ya kitu. Asubuhi mkewe, Jerolyn, alikuta udongo mbichi chini yake.

"Mchonge huyo dereva mwanajeshi yaishe," Jerolyn akamwambia aliposikia habari ya sauti ile. "Au unangoja nikuzike na kiburi chako?"

Basi akamchonga. Mmarekani, pua ndefu, kofia ya chuma, mikono usukanini. Akamgandisha kitini kwa gundi. Hakuwahi kuchonga kitu kizuri hivyo. Akambeba mpaka msituni, safari hii Patteson akimfuata nyuma huku akinung'unika.

"Huyu hapa," Maelasi akasema, akakiweka kijigari juu ya boneti yenye kutu. "Dereva wako. Sasa niache nipumue."

Akarudi nyuma hatua moja.

Kisha sauti ikatoka chini. Chini kabisa, katikati ya magurudumu. Ilikuwa lugha ya kisiwa jirani cha Malaita, lugha ya nyanya yake.

"Huyo namjua. Ndiye aliyenikanyaga."

Patteson akadondosha popoo. "Shemeji... huyu si mzungu. Huyu ni wa kwetu. Wale vijana waliowabebea wazungu mizigo vitani."

Maelasi akainama kutazama chini ya magurudumu. Maisha yake yote aliiunda vita ile kwa vijigari, na hakuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na mtu wa kwao ndani yake.

"Na wewe," sauti ikasema, "umemrudisha kitini."

Injini ikakohoa.

Jipu bovu, lisilo na matairi, lililoshikwa na mizizi kila upande... likatetemeka. Gia ikaingia kwa kishindo.

"Mtoe!" Sauti haikuwa na dharau tena. Ilikuwa ya kijana anayelia. "Mtoe! Mtoe!"

Maelasi akamvuta dereva. Hakutoka. Gundi ya Maelasi haikuwahi kumwangusha, na jioni ile pia haikumwangusha. Kifua kikambana mpaka macho yakaona giza.

"Kivunje!" Patteson akapiga kelele.

"Sijawahi kuunda kama..."

"Kivunje, mpumbavu we!"

Akaokota jiwe. Akakiponda, gari na dereva, mpaka vikawa vijiti na vipande vya bati. Mtetemeko ukakoma. Harufu ikapotea. Hewa ikamrudia kifuani.

Asubuhi wanaume wa kijiji waliliinua jipu kwa magogo. Chini ya ekseli ya nyuma palikuwa na mfupa wa mkono, umevaa bangili ya kombe la pwani, ya Malaita. Walichimba hadi mwamba, hawakupata kingine. Wakauzika mkono kando ya kanisa. Jina la kuuombea hakuna aliyelijua.

Patteson aliokota vipande vyote vya kijigari ili avichome. Akavipanga chini, akavitazama kwa muda mrefu.

"Shemeji, kichwa cha dereva ulikiweka wapi?"

"Kimo humo."

"Hakimo."

Walikitafuta mpaka jua likaelekea kuzama, kisha wakaondoka haraka. Walipofika katikati ya mto, nyuma yao, msituni, kitu kikakohoa mara moja, kama injini inayowashwa.

Kikanyamaza.

Kikakohoa tena.