Uso si Sinia ya Shaba

Kila asubuhi, mbele ya kengele ya misa ya kwanza kulia, Laurentine alikuwa amekwisha kufunga kikwembe na kutwika kitunga cha samaki kichwani. Samaki ilitoka Kasenga, ikapita Kasomeno juu ya kamyo ya mizigo, ikafika soko ya Kamalondo kavu kama kuni. Pale sokoni Laurentine alitandika gunia chini, akapanga samaki, akakaa. Jua lilipanda, yeye pale. Jua lilishuka, yeye pale.

Bamama ya samaki balikuwa na masemi yao. Kama mumoja alijifunika kichwa na mukeka, benzake balimucheka: "Samaki haikaukake mu kivuli." Maana yake: wewe muvivu. Kwa hiyo hakuna aliyejifunika.

Bwana yake, Léonard, alikuwa boy katika nyumba ya Bazungu katika mtaa wa Golf. Alipenda sana kusifu kazi yake moja: kusugua masinia ya shaba. Alisugua na ndimu na majivu mpaka ukajiona ndani kama kwenye kioo.

"Muniletee shaba nzee," alisema, "mi nitaigeuza bibi-arusi."

Siku moja ya Mungu, kiisha misa, Jeanne alikuja kwao kula bukari, ule ugali wa mahindi, na samaki. Jeanne alikuwa dada ya Léonard, mulamu ya Laurentine, na ulimi wake haukujua sabato. Alitwaa samaki mumoja, akamwangalia, akamwangalia Laurentine.

"Mulamu," akasema, "huyu na uso yako, nani njo alianza kukauka?"

Léonard akacheka.

Jeanne alikuwa Jeanne siku zote. Lakini Léonard alikuwa anakula jasho la uso ule tangu ndoa yao. Shati ya misa aliyovaa ilitoka katika samaki ile. Na sasa anacheka, kinywa kimejaa.

"Unacheka nini?" Laurentine akauliza.

"Ni kicheko tu, mama. Lakini ni kweli, umekuwa mukote mbio-mbio."

Mukote ni muzee. Kwa wazazi wao mukote alipewa kiti na maji ya kunawa. Hapa mjini neno lile lile balilitupa kama jiwe. Laurentine akatoa sahani. Usiku alipiga magoti kusali, akajikuta anagusa mashavu yake.

Katikati ya juma Antoine alifika sokoni na kinga yake, baiskeli nyeusi yenye sanduku nyuma. Aliuzisha machupa madogo ya pomada. Chupa haikuwa na jina, haikuwa na maandiko.

"Mama," akamwambia Laurentine, "shaba ikizeeka, banaitupaka?"

"Hapana. Banaisugua."

"Basi uso iko vile vile. Asubuhi sugua na ndimu na majivu. Kiisha paka hii pomada yangu. Ngozi nzee itatoka. Ngozi ya kitoto iko chini yake, inangojea."

Laurentine akafikiri masinia ya Léonard. Si yanang'aa kweli? Yeye mwenyewe aliyaona. Neno la Antoine likapata njia na kuingia. Akatwaa chupa.

Kwanza uso uling'aa. Jeanne mwenyewe alisema, "Ee, mulamu, umekula nini?" Laurentine akazidi kusugua, akapaka, akaenda kukaa juani kama kawaida.

Kiisha uso ukaanza kuwaka. Malengelenge yakatoka juu ya mashavu. Yakapasuka, yakaacha alama nyeusi kama masizi. Ngozi kando ya jicho la kuume ikavimba.

Alimungojea Antoine. Alipofika, akamuonyesha.

"Iko nachoma?" Antoine akasema. "Njo vizuri. Uzee iko natoka. Zidisha kidogo."

Akazidisha. Asubuhi iliyofuata jicho halikufunguka.

Alienda sokoni vile vile, maana samaki haijiuzishi. Lakini bantu balisimama, balimwangalia, balipita. Mama mumoja akasema na mwenzake, bila kushusha sauti, "Tusinunue kwa huyu. Iko na ugonjwa." Laurentine akafunga gunia, akarudi nyumbani akishika ukuta wa nyumba za bantu kwa mukono. Alikuwa na woga juu ya jicho. Alikuwa na woga tena kwamba hatarudi pahali pake sokoni.

Kapinga alimuona akipita. Kapinga alikuwa jirani yao, mama wa Kasai, anayefanya kazi pamoja na wanganga kwenye dispensaire, nyumba ya dawa. Aliacha sufuria motoni, akamfuata ndani.

"Yaya, dada yangu, nani alikufanyia hivi?"

"Mi mwenyewe, mama Kapinga. Nilisugua."

"Na nini?"

Laurentine akaeleza yote. Akatoa chupa. Kapinga akaifungua, akanusa, akaifunga mbio. Hasira ilimupanda, lakini si juu ya Laurentine.

"Ndimu juu ya ngozi, kiisha jua, inaunguzaka kama moto," akasema. "Majivu inakwaruza na kuchoma. Na hii pomada, mi sijui iko nini ndani. Haina jina, haina maandiko. Hiyo peke yake inatosha kuikataa. Mu pomada zingine za namna hii banatiaka zebaki. Unaonaka maji ya feza mu kipimo cha homa? Ni ile. Inaingia mu damu, inaharibu mafigo. Muntu anaweza kufa juu ya kutafuta uzuri."

"Antoine alisema ikichoma, njo uzee iko natoka."

"Ikichoma, njo ngozi iko nalia. Simama. Tunaenda sasa, munganga aone jicho."

Kwenye dispensaire bakamusafisha uso na maji baridi. Munganga akaangalia jicho, akasema limevimba tu, halikufa. Akampa dawa. Akakataza ndimu, majivu, pomada na jua. Chupa ikabaki pale.

Jioni Léonard alirudi, akamukuta muke wake na uso umefungwa kitambaa, na Kapinga amekaa karibu naye. Kapinga akamueleza neno la Antoine juu ya shaba.

"Lakini shaba..." Léonard akaanza.

"Sinia yako haina damu, Bwana Léonard," Kapinga akamukata. "Ukiikwaruza, haivimbi. Muntu hana uso wa pili chini ya uso."

"Sasa juu ya nini uso yake inazeeka mbio kuliko yako?" Léonard akauliza. "Mumezaliwa karibu pamoja."

"Mi nafanyaka kazi ndani ya nyumba. Yeye anakaa juani. Kila muntu atazeeka, ni Mungu aliweka vile. Lakini jua inaharakisha. Inaleta mikunjo na madoadoa, hata kwetu bantu weusi. Upepo wa kipwa, wakati mvua hakuna, unakausha ngozi. Moshi ya tumbako, ile unavutaka, inaharibu tena. Angalia midomo yako."

Léonard akafunika midomo na mukono.

"Mikunjo iko na dawa?" Laurentine akauliza chini ya kitambaa.

"Ile imekwisha kuingia, hakuna pomada ya kuifuta, yaya. Anayekuambia iko, anakudanganya. Lakini unaweza kuchelewesha ingine. Kaa mu kivuli. Vaa kofia pana ya majani. Nawa na sabuni isiyo kali, na mbele ya ngozi kukauka kabisa, paka vaselini ao mafuta ya karanga kidogo. Mafuta inafunga maji ndani ya ngozi, njo inakuwa laini. Kunywa maji, kula mboga, lala. Na ukiona kidonda hakiponi, ao doa linakua na kubadilika, usingoje. Kuya tuone."

Laurentine akainua kitambaa kwenye kinywa. Kiisha akageukia bwana yake.

"Ulicheka," akasema. "Jeanne alisema, na weye ulicheka. Hii uso ilikauka mu jua kwa ajili ya nyumba yako. Antoine alinidanganya, lakini njia ya kwangu ni weye ulimufungulia."

Kesho yake, kiisha kazi, Léonard alikata miti, akaibeba mpaka sokoni, akasimamisha kivuli cha mikeka pahali pa muke wake.

Ngozi ilipona polepole. Alama nyeusi zilikawia kutoka, na moja karibu na jicho haikutoka kabisa. Mikunjo ilibaki. Lakini uso ulikuwa laini, hauwaki, na jicho liliona vizuri. Laurentine akarudi sokoni na kofia ya majani kichwani.

"Bamama, muangalie," mumoja akachokoza. "Samaki haikaukake mu kivuli."

"Samaki ilikwisha kufa," Laurentine akajibu. "Mi bado."

Bakacheka, na mara hii bakacheka pamoja naye. Mbele ya mvua kuanza, vivuli vingine vitatu vya mikeka vilisimama mu mustari ule wa bamama.

Siku hizo Antoine akarudi. Alipita mbali na Laurentine, akainama kwa Edith, musichana anayeuzisha vitunguu juani. Akamushikisha chupa.

"Mutoto muzuri kama weye, jua itakumaliza. Uso ni kama shaba..."

Laurentine akasimama. Hakupaza sauti sana, lakini mustari wote ulisikia.

"Antoine. Paka weye kwanza."

"Nini, mama?"

"Pomada yako. Paka uso yako hapa, mbele yetu. Kiisha kaa juani pamoja na siye mpaka soko ifungwe. Ndimu iko kwa mama Ngosa pale, majivu tutakupa."

Antoine akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Hii ni ya bamama," akasema.

"Bamama hatuna ngozi?" Laurentine akavua kofia, akaonyesha alama ya jicho. "Edith, mwanangu, angalia hapa. Hii njo kazi ya chupa yake. Na nilipolia, alisema nizidishe."

Mama Ngosa akanyosha mukono na ndimu. Benzake bakaja karibu, bakangojea. Antoine akaangalia ndimu, akaangalia jua. Akapokonya chupa kutoka mukononi mwa Edith, akaitupa mu sanduku, akasukuma kinga yake kati ya vitunga mpaka barabarani, mama mumoja akimuita nyuma, "Kuya kwanza, bibi-arusi, tukusugue."

Edith akavuta gunia lake la vitunguu, akaliingiza mu kivuli.