Ndululu wa Chuma

Chuma kikikaa kwenye jua la Mutomo mpaka saa sita mchana, hukishiki ukabaki na ngozi. Basi Mutindi alipoketi uani kunyonyesha, akaiegemea sanamu ya chuma aliyoitengeneza mumewe na kuikuta baridi kama mtungi, alikasirika kabla hajaogopa. Ndivyo alivyoumbwa.

Mumewe, Nzuki, hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kukata mapipa kwa patasi na kuyagonga mpaka yakawa nyuso, miguu akiitoa kwenye springi za malori yaliyokufa. Nje ya soko hakuna aliyemjua, na hapo sokoni walimjua kwa kumcheka. Mwaka wa sabini na tatu walimwambia anazaa mabati kwa kuwa mkewe hazai. Akarudi nyumbani na hasira, akaivisha shanga sanamu ya mtoto, ile yenye mdomo wazi, akatamka, "Huyu ndiye kifungua mimba wangu. Anaitwa Ndululu."

Mjinga. Ukambani mtoto akizaliwa bado ni wa mizimu. Akishapewa jina, siku ya nne baba humvisha shanga, ndipo anakuwa mtu. Na Ndululu lilikuwa jina la marehemu baba yake Nzuki, jina lililomngoja mjukuu wa kwanza wa kiume. Mwaka uliofuata Mutindi akamzaa huyo mjukuu, akapewa jina lilelile, shanga akavishwa, na Nzuki akaficha kwamba sanamu ilikuwa imeshapewa.

Siku ya kumi mtoto alianza kunuka kutu. Akawa mzito mpaka mkono wa mama unauma, akaacha kulia, akaacha kunyonya, na bado kila alfajiri Mutindi aliamka matiti yamekauka kama yamekamuliwa, akatoka nje, akaikuta sanamu pale uani na maziwa yameganda mdomoni, yametiririka mpaka kwenye shanga, nzi wamejaa, na hakuna nyayo za mtu mchangani.

Pasta alikuja, akaomba, akasema ni bati tu. Mganga, bibi mzee Nthenya, hata hakuvuka lango.

"Nani aliivisha shanga?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, susu, bibi yangu," Nzuki alinong'ona. "Ilikuwa hasira tu."

"Uliliita jini kwa jina la mtoto, likaja. Ulidhani litalala nje na mbuzi? Sasa wako wawili kwenye jina moja, na mwenye nguvu ndiye ananyonya. Vunja hiyo kitu leo. Ukilinyang'anya jina na kuliacha zima, litachukua jina la mtu mwingine."

"Susu, nimeifanya miaka miwili. Kuna mtu wa Nairobi anakuja Jumamosi kuichukua, iende maonyeshoni. Ni mara ya kwanza mtu ananijua."

Nthenya alitema mate, akaenda zake. Hata kuku wa shukrani hakumtaka.

"Baba Ndululu," Mutindi alisema, "mtoto anakufa."

"Atangoja Jumamosi."

"Leo ni Jumatano!"

"Watoto tutazaa wengine, mama. Hii siwezi kuitengeneza tena."

Mutindi alimfunga mtoto mgongoni, akangoja mpaka nyundo ya mumewe ikaanza kulia kule kwenye mvukuto anakofulia chuma, akaiendea sanamu mchana kweupe, na alipozishika zile shanga chuma kikasogea chini ya vidole vyake kama koo linalomeza, na kutoka kwenye ule mdomo wa pipa ikatoka sauti ya tupa juu ya bati ikimwita "Mwaitu," yaani mama, "mwaitu, mwaitu," naye akazivua akilia kwa hasira, viganja vimechanwa na bati, vinavuja damu, akazirudisha tena shingoni na kusema wazi, kama anavyosema baba siku ya nne:

"Wewe si Ndululu. Wewe ni Nzuki."

Mlio wa nyundo ulikatika katikati ya pigo.

Mtoto akalia. Kilio kibaya, cha njaa. Mutindi akaketi kivulini na kumpa titi, mtoto akavuta kwa nguvu mpaka mama akauma midomo.

"Mutindi." Sauti ya mumewe kutoka kwenye mvukuto ilikuwa ndogo. "Mutindi, njoo. Vidole havikunjiki, vinanuka kutu."

"Ngoja kwanza," alimjibu, akamhamishia mtoto titi la pili.